Sime Iliyochomea Ng'ombe Alama

Jumapili iliyopita mlinijia watatu, nyusi zenu bado zina vumbi la mashine ya kunolea, mkaniuliza swali hata kabla hamjakaa. Mgeni mmoja wa hotelini alinunua kisu kwenu, akateremka nacho kreta, akakitumia kuchokoa jiwe lililokwama kwenye tairi, kikakatika. Akarudi amevimba, anataka kingine. Nanyi mlikuwa mmemwandikia garantii kwenye kikaratasi, kwamba kisu kikivunjika anapewa kipya. Mkaniuliza, "Babu, tumpe au tusimpe?"

Sikuwajibu. Niliwapa chai, nikauliza habari za mama zenu, nikawaacha mwende. Najua mliondoka mkinong'ona kwamba mzee siku hizi husahau alichoulizwa. Sikusahau. Nilikuwa nimekasirika, na nilijua nikifungua mdomo nitawatukana watu ambao hawakunikosea. Swali lenu ni la zamani kuliko ninyi. Mimi liliwahi kunivua nguo mbele za watu hapa hapa Karatu, na kila nikilikumbuka damu inanipanda. Sasa kaeni niwaambie. Mke wangu Naserian ameniomba nisipige meza, nitajaribu.

Mimi ni wa ukoo wa wahunzi wa Kimaasai, wanaoitwa ilkunono. Ninyi mmezaliwa mjini, mnadhani uhunzi ni kazi kama kushona au kuendesha gari, mtu hujifunza akipenda na huacha akichoka. Kwetu Endulen haikuwa hivyo. Ulizaliwa nayo, na ulizaliwa na dharau yake. Moran, kijana wa vita, hakutoka nje ya boma bila sime aliyoifua baba yangu, lakini hakulala kwetu, hakuoa binti yetu, na alipokuja kuchukua sime yake alipaka mafuta ya kondoo kiganjani kwanza ili uhunzi wetu usimwingie. Baba aliwatazama wakijipaka, akangoja wamalize, akawapa chuma chao. Siku moja nilimuuliza kwa nini halalamiki. Akasema mafuta hulainisha ngozi, waache walainike.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mimi sikurithi moyo wake, nilirithi nyundo na koleo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukisoma chuma, na hapa nataka msikilize, maana mnayofanya pale kibandani kwenu yananitia uchungu. Mnakata nondo za ujenzi, mnasugua kwa mashine mpaka zing'ae, mnafunga mpini wa mpingo wa kuigiza, mnaita kisu. Hicho ni kijiko kilichonyooka. Sisi tulifua springi za Land Rover. Springi imeshazoea kubeba mzigo, kupinda na kurudi, ina adabu yake. Unaipasha mpaka iwe nyekundu kama damu inayotoka kwenye mshipa wa ng'ombe sasa hivi, unaifua, unaipasha tena, unaifua, na ikishapata umbo unaipasha mara ya mwisho na kuichovya. Hapo imekuwa ngumu, lakini ni ugumu wa chupa. Ukiigonga kwenye mfupa inavunjika. Fundi mvivu huishia hapo na kwenda kuuza.

Fundi wa kweli huirudisha karibu na moto, kwa upole, akiitazama inavyogeuka rangi. Inakuwa ya manjano kama nyasi kavu za Olbalbal za mwezi wa nane, halafu inaanza kuelekea kahawia, na hapo unaitoa, unaiacha ipoe taratibu. Ukikohoa imekupita. Baba alikuwa hataki mtu aseme naye wakati huo, hata kama nyumba inaungua. Na sime ikishapita hatua hiyo haitakiwi kurudi motoni tena, si kwa kuchoma nyama, si kwa kuchochea makaa, si kwa lolote. Ukiirudisha motoni umeifuta kazi yote, umebaki na umbo la sime tu.

Baba hakuuza chuma bila maneno. Kwanza aliipiga sime ubapa kwenye kisiki, kisha akaipinda kwa goti mbele ya mnunuzi mpaka mnunuzi mwenyewe akaogopa, akaiachia, ikarudi imenyooka. Ndipo alisema maneno yake, yale yale kila siku: "Ikikuangusha katika kazi yake, irudishe, nitaifua upya." Hakusema zaidi. Katika kazi yake, alikuwa akikaza hapo, na kila Mmaasai alijua kazi ya sime ni ipi.

Na walirudisha. Kuna mtu alitembea kutoka Ololosokwan, ng'ambo yote ile, akaja na sime iliyokatika karibu na mpini wakati anafyeka miiba ya boma. Baba aliichukua, akaitazama pale ilipokatika, akaona weusi wa ufa wa zamani ndani ya chuma. Maana yake ufa ulikuwepo tangu siku ya kufua na yeye hakuuona. Hakubishana. Alimfulia nyingine, akamchinjia mbuzi, na usiku ule hakulala kwa aibu. Nawaambia hili ili msidhani mimi ni adui wa dhamana. Nimekulia ndani ya dhamana. Nimeona ikimgharimu baba yangu usingizi.

Kilimo kilipokatazwa kule Endulen, kwa kuwa ni ndani ya hifadhi, tulishuka Karatu, kwa sababu tulikuwa tukila kwa kishamba cha Naserian cha mahindi na viazi, na watoto hawawezi kula nyundo. Nikajenga kibanda changu cha kazi kule chini ya uwanja wa mnada. Wateja wapya walikuwa Wairaqw, wakulima, wachinjaji, watu wa kanisani, ambao hawakunijua mimi ni wa ukoo gani na hawakujali. Hao walichukua kisu, wakakijaribu kwenye ukucha, wakalipa, wakaenda. Nilifurahi sana miaka ile, sitaki kudanganya.

Lakini Wamaasai wenzangu waliposhuka mnadani na ng'ombe, walinipita. Basi akajitokeza Damiano. Damiano alikuwa na duka la vifaa pale barabarani, misumari, majembe, taa za chemli zilipopatikana, sabuni ilipopatikana. Mtu mcheshi, mwenye tumbo la heshima, muumini mzuri. Akaniambia, "Fundi, niletee visu na sime nikuuzie dukani." Nikampelekea. Jamani, zilienda kama maji. Moran yule yule aliyenipita mnadani aliingia dukani kwa Damiano, akachukua sime yangu kwenye kaunta kwa mkono mkavu, bila tone la mafuta, kana kwamba kupita mikononi mwa mwenye duka kumeisafisha. Nilikuwa nikisimama ng'ambo ya barabara nikiangalia, nikitaka kucheka na kutukana kwa pamoja.

Sasa Damiano alikuwa pia akiuza saa za mkono na redio, na hizo zilikuja na karatasi ya garantii. Akaona watu wanaipenda ile karatasi kuliko saa yenyewe. Siku moja bila kuniuliza akaanza kutangaza dukani kwamba na sime za Meshuko, yaani mimi, zina garantii, zikivunjika kwa namna yoyote ile mtu anarudisha na kupewa mpya. Kwa namna yoyote. Alichukua maneno ya baba yangu, akayakata kichwa, akabakiza mkia.

Nilipata habari pale walipoanza kurudi. Wa kwanza alikuwa dereva wa watalii aliyefungulia pipa la oili kwa kisu cha kuchunia ngozi. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Rhotia, mkewe mtu mzito, alikuwa amekitumia kisu cha jikoni kung'olea kisiki shambani kwa sababu jembe lilikuwa kwa jirani. Kuna fundi baiskeli alikigonga kisu kwa nyundo kama patasi. Kuna baba wawili ambao watoto wao walikuwa wakishindana kukirusha kwenye mti. Mwingine alileta kisu ambacho hata si changu, kina mpini wa plastiki, akasema amesikia hapa wanabadilisha. Na wote hao walikuja wamenuna, wamekunja uso, wamedhulumiwa. Hakuna aliyesema, "Fundi, nimekiharibu, nisaidie." Hilo ndilo lililonichoma. Mtu akija kwa unyenyekevu nitamfulia kisu na chai juu. Lakini mtu anachokoa pipa kwa kazi ya mikono yangu, halafu anakuja kuniambia mimi ndiye mwongo!

Nilimfuata Damiano dukani. Akanikalisha kwenye gunia la chumvi, akaniambia biashara ina mambo yake, mteja ni mfalme. Nikamuuliza ni mfalme gani anayeng'oa visiki kwa kisu cha jikoni. Akacheka, akaendelea kuwapa. Na kila alichowapa kilitoka kwenye makaa yangu na mgongo wangu. Ningevunja ubia siku ile, lakini nilikuwa na watoto shuleni na mauzo ya dukani ndiyo yaliyotulisha. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kama kukubali.

Ndipo akaja Koromo.

Koromo alikuwa mtu wa Endulen, mwenye ng'ombe wengi, aliyetoka umoran si zamani, bado anatembea kama anatazamwa. Alinunua sime dukani, na sime ile naikumbuka, ilikuwa miongoni mwa zile ambazo baba angezipinda kwa goti akatabasamu. Mwezi ule Koromo alikuwa na mitamba ya kuwekea alama ya ukoo. Chuma chake cha kuchomea alama alikuwa amemwazima mkwewe huko Olbalbal, na hakikurudi. Akaona haina shida. Akaiweka sime motoni mpaka ikawa nyekundu, akachora mtamba wa kwanza, akaichovya kwenye hori la maji ipoe ili aishike vizuri, akairudisha motoni, akachora wa pili, na hivyo hivyo mpaka zizi likaisha. Alama zilitoka safi, nimeziona mwenyewe baadaye, sina neno.

Lakini ninyi sasa mnajua alichokifanya. Aliifuta kazi yangu yote, kisha akaifanya ngumu tena kwa maji. Alibeba kiunoni chupa yenye umbo la sime.

Baada ya hapo ilikuwa sherehe ya tohara ya mdogo wake. Boma limejaa, wakwe wapo, marika yapo, ng'ombe dume amechinjwa. Koromo anasimama kupasua mbavu mbele ya watu, anainua sime, anaipiga kwenye mfupa, na inakatika vipande viwili. Kipande kimoja kinarukia kwenye majani ya kulazia nyama. Watu wakacheka. Mkwe wake akacheka. Kwa mtu kama Koromo, kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kuibiwa ng'ombe.

Alishuka Karatu siku ya mnada na watu wa rika lake na laigwanani wao, mzee aliyeitwa Lekishon, msemaji wa rika, ambaye neno lake kule juu lilikuwa likimaliza ugomvi wa maji na wa wake. Hawakuja dukani. Walimwita Damiano na mimi tuje kwenye uzio wa ng'ombe, mbele ya wachoma nyama, mahali ambapo kila mtu anasikia. Nikaelewa mara moja hawataki sime tu. Koromo alitaka isemwe hadharani kwamba kosa lilikuwa la chuma, ili kicheko kihame kwake kije kwangu. Na kama kikija kwangu, hakuna Mmaasai kutoka Endulen mpaka Loliondo ambaye angenunua tena chuma changu. Sime si saa ya mkono. Mtu anaitegemea mbele ya simba.

Damiano alinivuta pembeni, akaniomba nimpe tu nyingine yaishe. Akasema ahadi ni deni. Nikamjibu ni kweli ahadi ni deni, lakini aliyeahidi ni yeye.

Tukakaa. Koromo alieleza vizuri, na lazima nimpe haki yake, hakuficha kitu. Alisema mitamba, alisema moto, alisema hori. Hakuona kwamba kuna cha kuficha. Halafu akaniinulia vipande viwili vya sime, akasema hivi:

"Kisu kimezaliwa motoni. Wewe mwenyewe, mhunzi, ulikipika motoni siku nzima ndipo kikawa kisu. Mimi nimekirudisha kwa mama yake kidogo tu. Kama moto wako ulikizaa, moto wangu umekiuaje?"

Vijana, niliona vichwa vinatikisika kwa kukubali. Wachoma nyama wanatikisa vichwa, Damiano anatikisa kichwa! Lilikuwa neno tamu, linalofanana na kweli kabisa. Nami nilikuwa nimeshajaa, nikamjibu kwa lililokuja mdomoni.

"Na wewe ulizaliwa tumboni," nikasema. "Rudi kwa mama yako kidogo tu, tuone kama utatoka mzima."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Koromo akasimama na rungu, wenzake wakamkalisha. Nakubali halikuwa neno la busara kwa mtu aliyekwishachekwa mara moja mwezi ule, lakini sijawahi kulijutia na sitaanza leo.

Walipotulia nikaeleza taratibu, kama nilivyowaeleza ninyi, springi, kuchovya, rangi ya nyasi, na kwa nini sime haitakiwi kurudi motoni. Nikatoa mapatano. Nikasema nitamfulia Koromo nyingine kwa gharama ya makaa tu, kwa ujirani, kwa sharti moja: asiseme kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Dhamana yangu inabeba kosa langu, nikasema, ufa nisiouona, moto niliouzidisha, mkono wangu uliochoka. Haiwezi kubeba kosa la kila anayeshika mpini. Ikibeba hayo si dhamana tena, mimi nimekuwa mtumwa wa mikono ya watu nisiowajua. Koromo akakataa. Hakutaka sime ya makaa. Alitaka neno kwamba kosa ni la chuma.

Tukamtazama Lekishon. Alikuwa amekaa muda wote na kichupa chake cha ugoro. Nasema kweli, niliona katika uso wake kwamba ameelewa habari ya moto. Alikuwa mtu wa ng'ombe na wa silaha, aliijua. Nikawa na matumaini. Nikafikiri, leo mzee wa heshima atasema mbele ya mnada mzima kwamba mhunzi ana haki.

Lekishon hakuniangalia mimi. Alimwangalia Koromo.

"Umetupotezea jua," akasema. "Ahadi hufungwa kati ya mtu na mtu. Hawa wahunzi hawana ahadi. Mhunzi akisema neno ni kama nyundo imegonga, sauti imepita. Utamdaije kitu ambacho hana? Nunua sime nyingine, twende."

Wakainuka. Ndiyo, ilikuwa imekwisha. Damiano alinipiga begani kwa furaha, akaniambia, "Umeshinda, fundi, hudaiwi kitu." Watu wa rika wakaenda kula nyama. Hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimetokea. Nilibaki pale kwenye uzio. Nimetukanwa mara nyingi maishani. Nimeitwa kila jina ambalo wahunzi huitwa, na nimelala usingizi mzuri. Lakini siku ile nilipewa haki yangu kwa sababu ambayo ilikuwa mbaya kuliko kunyimwa. Nilikuwa nimekuja kusema dhamana yangu ina mpaka. Wakaniambia sina dhamana, kwa sababu mimi si mtu wa kutoa neno. Na baba yangu, aliyemfulia sime mtu wa Ololosokwan na kumchinjia mbuzi, naye hakuwa na neno. Sauti ya nyundo, imepita.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Naserian nataka kufua sime ya Koromo. Akadhani nimechanganyikiwa. Akasema, "Umeshinda halafu unalipa?" Nikamwambia sikushinda. Nikamweleza alichosema Lekishon. Alifunga kanga yake vizuri akaja kukaa kwenye mivukuto, na alivuta upepo yeye mwenyewe mpaka kazi ikaisha. Nilichagua springi ambayo nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya mwanangu. Ilipofika ile rangi ya nyasi hakuna aliyepumua.

Mnada uliofuata niliibeba sime ile nikaenda nayo pale pale kwenye uzio, nikangoja mpaka wote wawepo, Lekishon na ng'ombe wake wa kuuza, Koromo, watu wa rika lake, Damiano na tumbo lake. Nikaipiga ubapa kwenye nguzo ya zizi. Nikaipinda kwa goti, ikarudi. Nikamsogezea Koromo.

Hakuipokea. Alimtazama laigwanani kwanza, kisha akasema, "Tulishamaliza. Sikudai."

"Ulidai, na mtu alikuahidi kwa jina langu," nikasema. "Ile ya kwanza uliiua wewe kwa moto wako, na nitasema hivyo mpaka nife. Hii nakupa kwa sababu jina langu lilitajwa. Ikikuangusha katika kazi yake, irudishe, nitaifua upya. Ukichomea ng'ombe, usirudi."

Nilisema kwa Kimaa, kwa sauti, ili mwenye masikio asikie. Koromo alikuwa mtu wa majivuno, nimeshasema, lakini majivuno nayo yana pande mbili, na mtu wa majivuno hapendi kupewa kitu na mtu asiye mtu. Ilimbidi aamue mimi ni nani. Kama sina neno, basi amepokea zawadi kwa mhunzi kama ombaomba. Kama ninalo, basi ana lake la kujibu.

Akaichukua. Akaitazama kutoka mpini mpaka ncha. Kisha akageukia watu wa rika lake, wale wale waliokuwepo siku mbavu zilipomshinda, akasema, "Ile ya kwanza niliichoma mimi." Akaitia sime kwenye ala.

Lekishon alikuwa hatua chache tu. Alisikia. Aligonga kichupa chake cha ugoro kiganjani, akaenda kupatana bei ya ng'ombe wake. Sikutegemea zaidi. Siku ile ile niliingia dukani nikamwambia Damiano kwamba kuanzia sasa hatatangaza chochote juu ya chuma changu, na anayetaka maneno ya dhamana aje kibandani ayasikie kwangu. Mauzo yalipungua. Tulikula viazi zaidi kuliko nyama kwa muda, Naserian anaweza kuwaambia. Lakini walioshuka kibandani walishuka, na Wamaasai wakiwemo.

Sasa mgeni wenu. Mmenisikia nikifoka tangu mwanzo, mnategemea niseme msimpe. Kisu si cha kuchokolea mawe, na mtu mzima mwenye akili anajua hivyo hata kama ametoka mbali. Hana haki hata kidogo, na mtu akiwaambia mteja ni mfalme mleteni hapa kwangu. Lakini mliandika. Hakuna Damiano aliyewaandikia, mliandika ninyi kwa mikono yenu, kwamba kikivunjika anapewa kipya, na jina lenu liko chini. Kwa hiyo mtafua kisu, cha springi, si cha nondo, nitakuja kuwaonyesha rangi. Mtampelekea kule hotelini mchana, wenzake wakiwepo. Mtamwambia kile cha kwanza alikivunja yeye. Mtamwambia hiki kina dhamana ya nini na hakina dhamana ya nini. Na msiuachie mpini mpaka amewajibu kwamba amekubali yote mawili.